Batri ya mashini imekufa: kabla ya kutoa feza, soma hapa



Mwezi huu ukurasa wetu wa kazi za mikono unazungumza juu ya kitu kinachoonekana kidogo, lakini kinakula feza nyingi katika jamaa za mafundi. Ni batri za mashini zisizo na singa. Unazijua: mashini ya kutoboa, mashini ya kufunga visi, msumeno mdogo, ile ya kukata chuma. Fundi anaishika mkononi, anapanda nayo juu ya paa, anatumika hata saa umeme umekatika. Na sisi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, delestaji tunaijua wote. Kwa hiyo mashini ya namna ile ni msaada mkubwa.

Shida ni kwamba nyingi zinatufikia zikiwa zimekwisha kuzeeka. Zingine zinatoka Ulaya ndani ya kontena za okazio. Zingine zinauzwa na watu wanaomaliza kontra kwenye kompani na kurudi kwao. Chuma na mota, vikitunzwa vizuri, vinaweza kudumu miaka 15 hata 20. Batri haifiki pale. Batri inazeeka hata ikilala ndani ya kabati. Basi inakuja siku moja mashini iko nzima kabisa, lakini batri imekufa, na mashini imebaki uzito mtupu mkononi.

Tuchukue mfano. Kijana mmoja seremala amemaliza masomo. Mama yake ameuza unga sokoni miezi mingi ili amnunulie mashini ya okazio ya volti 18. Kijana amepata kazi ya kuweka plafo ndani ya nyumba ya mtu, na amekwisha kupokea avansi. Siku ya tatu batri inakataa. Rafiki wa kwanza anamwambia: "Uende soko, utwae batri yoyote ya volti 18." Wa pili: "Uifunge na batri ya motokari, itatumika." Wa tatu: "Tupa hiyo, tafuta ingine." Wote watatu wanasema kwa moyo mzuri. Lakini katika mashauri hayo kuna moja linaloweza kuchoma mashini, na moja linaloweza kuchoma nyumba. Na feza iliyobaki kwenye avansi inatosha kununua mara moja tu. Akikosea, kazi inasimama, mwenye nyumba anadai avansi yake, na unga wa mama umepotea bure.

Je, kijana huyu afanye nini? Tuende polepole.

1. NDANI YA BATRI MNA NINI?

Ukifungua sanduku la batri (usifungue leo, tutasema kwa sababu gani), hutakuta kitu kimoja. Utakuta mawe mengi, kama yale ya tochi ao ya redio, yamefungwa pamoja moja nyuma ya lingine. Kila jiwe lina nguvu yake kidogo, na nguvu hizo zinajumlishwa. Hesabu ni hii:

Jiwe la nikeli-kadimiumu (imeandikwa Ni-Cd) lina volti 1,2. Jiwe la nikeli na haidrojeni (imeandikwa Ni-MH) nalo lina volti 1,2. Jiwe la litiumu (imeandikwa Li-Ion) lina karibu volti 3,6.

Basi batri ya volti 12 ya Ni-Cd ina mawe 10. Ya volti 14,4 ina mawe 12. Ya volti 18 ina mawe 15. Lakini batri ya volti 18 ya litiumu ina mawe 5 tu, ao mara 2 ya 5 kama ni ile kubwa. Unaona? Volti ni zilezile, lakini ndani ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Ndiyo sababu neno "batri yoyote ya volti 18" halitoshi.

Hizi aina zimetoka wapi? Nikeli-kadimiumu ni ya zamani: Waldemar Jungner, mtu wa Sweden, aliivumbua mwaka 1899. Mwaka 1961 kompani Black & Decker ya Marekani ilitoa mashini ya kutoboa isiyo na singa, yenye mawe ya namna hiyo ndani. Litiumu ilikuja nyuma: Sony ya Japani ilianza kuuza batri za Li-Ion mwaka 1991, kwanza kwa vyombo vidogo. Kwenye mashini za mafundi zilianza kuingia kwa wingi tangu karibu 2005. Kiisha nchi za Umoja wa Ulaya zikakataza kuuza batri za kadimiumu kwa mashini hizo tangu mwisho wa 2016, juu ya sumu yake. Kwa hiyo mashini za zamani zinaendelea kufika kwetu, lakini batri zake za asili zinakuwa adimu. Hapo ndipo wajanja wanapata nafasi.

2. KWANZA, NI BATRI KWELI?

Kabla ya kununua, hakikisha mgonjwa ni nani. Mara nyingi watu wananunua batri, kumbe shajeri ndiyo imekufa, ao vyuma vya kugusana vimeingia kutu na vumbi.

Safisha vyuma vile kwa kitambaa kikavu. Omba rafiki mwenye mashini ya aina ileile akuazime batri yake dakika mbili. Mashini ikizunguka vizuri, mota iko salama. Kisha weka batri yako kwenye shajeri yake. Ikijaa, shajeri yako ndiyo yenye ugonjwa.

Kama hakuna rafiki wa namna hiyo, tafuta fundi wa redio mwenye multimeta. Apime batri mara tu inapotoka kwenye shajeri. Ni-Cd ya volti 18 iliyo nzima itaonyesha 20 ao zaidi kidogo. Ikionyesha 17 ao chini, mawe mawili matatu yamekufa, na yanavuta mengine kwenda kaburini. Litiumu ya volti 18 ikijaa inaonyesha karibu 21, kwa maana kila jiwe linafika 4,2.

Hapo pana fumbo dogo linalosumbua wanunuzi. Utaona batri imeandikwa "20V Max" na ingine "18V". Muuzaji atakuambia ile ya 20 ina nguvu kupita. Sivyo. Zote mbili ni mawe 5 ya litiumu. Mmoja amehesabu nguvu ya jiwe lililojaa, mwingine amehesabu nguvu ya kawaida. Hata "12V Max" na "10,8V" ni kitu kimoja, mawe 3.

3. MBELE YA MUUZAJI: MAMBO SITA

Sasa umefika sokoni ao kwenye magazini. Muuzaji anakuambia: "Papa, hii iko mupya, iko ya Bulaya, angalia namba: ampere kumi!" Usiwe na haraka. Angalia mambo haya sita.

La kwanza, umbo. Beba batri yako ya zamani mkononi, usiende na kichwa tu. Zingine zinaingia kwa mguu mrefu unaopanda ndani ya mkono wa mashini, zingine zinateleza kwa chini kama droo. Kampani moja inaweza kubadilisha umbo mara tatu ndani ya miaka 20. Kuna wachache walioshika umbo moja: batri za Ryobi za volti 18 za jamaa ya ONE+ zinaingia hata kwenye mashini zake za bluu za zamani, tangu 1996. Lakini hao si wengi. Linganisha kwa macho na kwa kuingiza.

La pili, volti. Volti za batri zifanane na volti zilizoandikwa kwenye mashini. Ukizidisha, unachoma mota ao kitufe. Ukipunguza, mashini inakosa nguvu na inapata joto.

La tatu, ampere-saa, yaani Ah. Hii ni ukubwa wa tangi. Batri ya 2 Ah inaweza kutoa ampere 2 kwa muda wa saa moja. Hapa unaweza kuongeza pasipo hofu: batri ya 3 Ah haichomi mashini iliyokuja na 1,5 Ah, mradi volti ni zilezile. Itatumika muda mrefu zaidi, basi.

La ine, shajeri. Hili ndilo kubwa kupita yote. Shajeri ya Ni-Cd haijui kuchaji litiumu. Yenyewe inasukuma umeme, inangojea alama fulani ya joto ao ya volti kushuka kidogo ndipo isimame. Litiumu haitoi alama ile. Shajeri itasukuma tu, jiwe litapita 4,2, litapata joto, litavimba, na linaweza kulipuka kwa moto. Ukinunua batri ya litiumu kwa mashini ya zamani, hesabu bei ya shajeri yake pia. Muuzaji akisema, "Shajeri ya zamani itafaa tu," huyo anakuuzia moto.

La tano, uzito. Huwezi kuona ndani, lakini unaweza kupima. Jiwe la litiumu la kawaida, linaloitwa 18650, lina uzito wa karibu gramu 45, na lile zuri kabisa halipiti sana 3,5 Ah. Basi batri nyembamba yenye mawe 5 ya namna hiyo haiwezi kufika 6 Ah, hata waandike kwa rangi ya dhahabu. Ili kupata 6 Ah kwa mawe hayo unahitaji mawe 10, na mawe 10 peke yake yana karibu nusu kilo, bado sanduku. Kuna mawe mapya manene zaidi, ya 21700, yanayofika 5 Ah, lakini nayo ni mazito, karibu gramu 70 kila moja. Kwa hiyo omba mizani ya mama anayeuza samaki ao sukari hapo jirani. Batri iliyoandikwa 6 Ah na haifiki hata gramu 400, irudishe mezani. Na ile ya Ni-Cd ya volti 18, mawe 15, isipokaribia kilo moja, jiulize ndani mna nini.

La sita, umri. Batri isiyotumika nayo inazeeka. Batri ya litiumu iliyokaa miaka mingi ndani ya depo, ndani ya karatasi yake nzuri, inaweza kuwa imekufa kabla ya wewe kuifungua. Tafuta tarehe iliyoandikwa chini. Kama imefutwa ao imefunikwa na karatasi ingine, uliza sababu.

Mwisho, usilipe kabla ya kujaribu. Chukua kipande cha mbao ngumu na visi za urefu mmoja. Batri ikijaa, funga visi moja moja na hesabu. Volti peke yake zinaweza kudanganya, maana batri iliyochoka inaonyesha volti nzuri ikiwa imelala, inaanguka ikianza kazi. Muuzaji mwenye haki atakuacha ujaribu, na atakuandikia karatasi: jina la magazini, tarehe, na muda wa kurudisha kama ikikataa. Asiyetaka kuandika hata mstari mmoja, mwenyewe amekwisha kukujibu.

4. NJIA ZINGINE

Wapo watakaosema: bei ya batri ni kubwa, tutafute njia. Ziko njia nne. Tuzipime.

(a) Kubadilisha mawe ndani. Kwa Ni-Cd ao Ni-MH, fundi anayejua anaweza kutoa mawe yote 15 na kuweka mapya. Tunasema yote. Ukiweka mapya matatu kati ya kumi na mawili ya zamani, yale ya zamani yatakwisha mbele, mapya yatayasukuma kinyume, na mwezi ujao umerudi palepale. Mawe yawe ya aina moja, ya Ah moja. Yawe na vipande vya chuma vya kuunganisha vilivyokwisha kushikiliwa juu yake, maana kusude moja kwa moja juu ya jiwe kunaliunguza ndani. Na kile kipande kidogo kinachopima joto, chenye nyuzi mbili, kirudi mahali pake. Ndicho kinachoambia shajeri isimame. Litiumu usimpe fundi wa kubahatisha. Ndani mna karatasi ya umeme inayolinda kila jiwe, na chuma kimoja kikigusa vibaya, moto unatoka palepale mkononi.

(b) Adapta. Ni kipande kinachoingia kwenye mashini ya zamani, kisha batri mpya ya litiumu inaingia chini yake. Kampani zingine zilitoa adapta zao wenyewe. DeWalt ilikuwa na ile ya DCA1820 kwa mashini zake za zamani za volti 18. Hii ni njia nzuri kama una batri mpya za mashini ingine. Lakini jihadhari: kwenye mashini nyingi mpya, mlinzi anayekata umeme batri inapokaribia kwisha amekaa ndani ya mashini, hayumo ndani ya batri. Mashini ya zamani haina mlinzi huyo, na adapta ya bei ndogo sokoni mara nyingi haina. Wewe ndiye mlinzi. Ukiona mashini inapunguza nguvu, simama, toa batri. Kazi ikiisha, usiache batri imefungwa kwenye adapta.

(c) Batri ya motokari. Yule rafiki wa pili hakukosea yote. Mashini ya volti 12 inaweza kutumika kwa batri ya motokari ya volti 12, kwa maana nguvu zao zinakaribiana. Lakini mashini ya kijana wetu ni ya 18: kwa 12 itachoka, na kwa batri mbili zilizofungwa pamoja, 24, itaungua. Wenye mashini ya 12 wafuate masharti: singa nene na fupi, mita mbili ao tatu; fizibu ya ampere 30 karibu na batri; na chanya iende kwa chanya, hasi kwa hasi. Ukigeuza, kitufe kinakufa. Singa nyembamba ya redio itapata moto mkononi mwako.

(d) Kuacha batri kabisa. Pima hili bila haya. Kama atelie yako iko pahali pamoja na umeme unapatikana saa nyingi, mashini ya singa inaweza kuwa na bei sawa na batri moja mpya, na inatumika miaka bila kuombwa batri. Batri ni ya fundi anayetembea, anayepanda juu ya nyumba za watu.

5. HESABU YA NYUMBANI

Tuseme batri mbili ziko mbele yako. Moja ni ya dola 20, ingine ya dola 45. Macho yanaenda kwa ile ya 20. Lakini tuseme ile ya 20 inadumu miezi sita, na ile ya 45 inadumu miaka mitatu. Ndani ya miaka mitatu utanunua ile ndogo mara sita: dola 120. Na kila mara inapokufa, inakufa katikati ya kazi ya mtu. Hizi ni namba za mfano tu. Weka za soko lako, lakini ufanye hesabu kwa namna hiyo.

Sheria ingine: batri na shajeri pamoja zikipita nusu ya bei ya mashini mpya yenye batri mbili na shajeri yake, ni vizuri kungoja na kuweka akiba. Usimwage maji mazuri ndani ya chungu kilichopasuka.

6. USIKU, WATOTO WAKILALA

Hapa, wazazi, tunaomba msikilize zaidi. Nyumba zetu nyingi zina vyumba viwili. Umeme ukirudi saa nne usiku, watu wote wanachaji: simu, taa, na batri ya mashini chini ya kitanda ao juu ya godoro. Usifanye hivyo. Batri ya litiumu ikishika moto, hautoki polepole kama makaa. Unatoka kwa kishindo, na moshi wake ni sumu.

Chaji juu ya simenti ao juu ya bamba la chuma, mbali na godoro, pazia na mlango wa kutokea. Chaji ukiwa macho. Batri iliyoanguka kutoka juu ya paa, iliyoingia maji, ao iliyovimba, usiichaji tena hata mara moja. Batri inayotoka kazini ikiwa na joto, iache ipoe kwanza. Usiiache ndani ya motokari kwenye jua. Na ukiiweka muda mrefu bila kazi, litiumu inapenda kulala nusu imejaa. Moto ukitokea, kwanza toa watoto nje. Batri baadaye, kwa maji mengi na kutoka mbali.

Kuna desturi mbaya tunataka kuitaja kwa jina: "kuamsha" batri ya litiumu iliyokufa. Shajeri inaikataa, basi kijana anachukua singa, anaifunga na batri ingine nzima ili kuipa nguvu kwa lazima. Sikia kinachotokea. Ndani ya kila jiwe mna karatasi nyembamba ya shaba. Jiwe likiachwa tupu kupita kiasi, shaba ile inaanza kuyeyuka ndani ya dawa yake. Ukisukuma umeme tena, shaba inaganda mahali pasipo pake na inaweza kuunganisha pande mbili ambazo hazipaswi kugusana. Siku hiyo inaweza kuchaji vizuri, unafurahi. Moto unaweza kukungoja wiki ijayo. Shajeri ikikataa, ikubali.

7. BATRI ILIYOKUFA INAENDA WAPI?

Usiitupe kwenye bustani ya mchicha, wala mtoni, wala kwenye moto wa takataka. Usiwape watoto wapasue. Kadimiumu ni sumu inayoingia polepole, inaharibu figo na kudhoofisha mifupa. Huko Japani, katika mkoa wa Toyama, kadimiumu kutoka mgodi iliingia mto Jinzu, ikaingia mashamba ya mchele. Watu, zaidi sana wanawake wazee, walivunjika mifupa kwa maumivu makali, hata ugonjwa ukaitwa itai-itai, yaani "inauma, inauma." Serikali ya Japani ilikubali sababu yake mwaka 1968. Sisi tunaoishi karibu na migodi tunaelewa habari ile haraka kupita wengine.

Basi funika vyuma vya batri iliyokufa kwa skochi, iweke kavu ndani ya ndoo yenye kifuniko, nje ya nyumba ya kulala. Mafundi wa kartie moja wanaweza kukusanya pamoja na kuuliza magazini kubwa ao kompani yenye huduma ya takataka za sumu kama zitazipokea. Mtu mmoja na batri moja hasikilizwi. Mafundi 20 na ndoo tatu wanasikilizwa.

8. MAWE YETU YANARUDI

Neno moja la mwisho. Tumesema ndani ya batri mna mawe. Mengi ya mawe hayo ya litiumu, ingawa si yote, yana kobalti ndani. Na kobalti ya dunia, zaidi ya nusu yake inachimbwa hapa Kongo, zaidi sana katika Lualaba na Katanga ya Juu. Inatoka kwetu ikiwa unga ndani ya mifuko, inapita Kasumbalesa juu ya malori, nyingi inasafishwa China, na inarudi sokoni kwetu ikiwa ndani ya sanduku dogo la plastiki lenye bei ya dola. Baba anachimba, mtoto ananunua.

Hatuwezi kugeuza safari ile leo. Lakini tusikubali kudanganywa mara ya pili, kwa kununua jiwe letu wenyewe likiwa limekufa, lenye namba za uwongo juu yake. Kijana anayejua kuhesabu mawe, kusoma Ah, kushika mizani na kudai karatasi ya muuzaji, huyo hachezewi.

Na yule seremala wetu? Kama batri ni ya Ni-Cd na shajeri yake ni nzima, aanze kwa kumtafuta fundi mwenye haki wa kubadilisha mawe yote 15. Kama hapatikani, ahesabu adapta pamoja na batri na shajeri ya litiumu. Hesabu ikipita nusu ya bei ya mashini mpya, aazime mashini ya singa amalize plafo ile, amheshimu mwenye nyumba, na feza ya kazi aiweke. Kwanza kazi iishe. Kisha amwonyeshe mama yake hesabu, kwa maana feza ya kwanza ilikuwa yake.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI VYA VIJANA

1. Nyumbani kwetu batri na simu zinachajiwa wapi usiku? Nani yuko macho?

2. Chukueni batri moja ya mashini. Someni volti, aina na Ah. Mna mawe mangapi ndani? Pimeni uzito wake: je, namba inasema kweli?

3. Muuzaji wa kartie yetu akiuza batri ya uwongo bila kujua, tumwambie namna gani? Na kama anajua?

4. Wewe ukiwa na batri iliyochoka, na mtu anataka kuinunua, utamwambia nini kabla ya kupokea feza yake?

Mpaka mwezi ujao, tukizungumza juu ya kunoa na kutunza misumeno. Mkae salama.